Apirana Ngata: Msomi wa Kwanza wa Kimaori na Deni la Elimu Yake

Katika kila shule ya msingi hutokea mtoto mmoja au wawili ambao wepesi wao wa kufahamu huwapita wenzao. Mwalimu huwatambua mapema, wazazi huanza kuwawekea matumaini, na kijiji kizima hungoja matokeo ya mitihani yao kana kwamba ni mavuno ya wote. Mara nyingi tunashughulika mno na namna ya kumpandisha mtoto huyo ngazi ya elimu, tukasahau swali lililo zito zaidi: akiisha kufika juu, atakuwa wa nani? Je, elimu yake itawarudia waliomlea, au itamtenga nao daima?

Swali hili si la Afrika Mashariki pekee. Limewakabili watu wote ambao shule ililetwa kwao na watawala wageni, kwa lugha ngeni na kwa shabaha za kigeni. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu mmoja aliyelikabili kwa vitendo, Apirana Turupa Ngata, Mmaori wa Nyuzilandi, aliyekuwa wa kwanza katika watu wake kumaliza masomo ya shahada katika chuo kikuu cha nchi hiyo. Mwalimu mtarajiwa atapata hapa mambo ya kufikiri, na pia mfano wa kutumia darasani.

Nchi na watu wake

Nyuzilandi ni visiwa viwili vikubwa, pamoja na vingine vidogo, katika kusini ya Bahari ya Pasifiki. Wamaori walifika huko kwa mitumbwi mikubwa kutoka visiwa vya Polinesia yapata miaka mia saba iliyopita. Mwaka 1840 wakuu wengi wa Kimaori walitia sahihi Mkataba wa Waitangi na Waingereza, na tangu hapo walowezi wakaingia kwa wingi. Katika miaka ya 1860 vikapiganwa vita vya ardhi, na ekari nyingi zikachukuliwa na serikali. Maradhi mageni nayo yaliwaangamiza watu. Hesabu ya mwaka 1896 ilionyesha kuwa Wamaori waliobaki ni kama 42,000 tu. Wazungu wengi, hata waliowatakia mema, waliamini kwamba kabila hilo linatoweka, na kwamba lililobaki ni kulitunza kama mgonjwa asiyeweza kupona.

Ngata alizaliwa tarehe 3 Julai 1874 huko Te Araroa, katika pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini. Jamaa zake ni watu wa Ngati Porou. Baba yake, Paratene Ngata, alikuwa mtu mwenye kuheshimiwa na mjuzi wa mila na nasaba. Katika ukoo huo alikuwamo pia mzee Rapata Wahawaha, mkuu wa vita mashuhuri, ambaye ndiye aliyemlea Paratene. Wazee hao walikuwa wameshuhudia vita na matokeo yake, wakaamua kwamba silaha ya kizazi kipya itakuwa elimu. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia pande mbili: jioni alisikia nasaba na nyimbo za wahenga, na mchana alikaa shuleni.

Shule mbili zilizomjenga

Shule yake ya kwanza ilikuwa ya kijijini, huko Waiomatatini. Shule za aina hiyo ziliwekwa kwa sheria ya mwaka 1867 iliyohusu elimu ya wenyeji. Wamaori walitakiwa kutoa ardhi ya kujengea na kuchangia gharama, nayo serikali ikaleta walimu. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Wazee wengi waliyapokea masharti hayo kwa kuwa waliona watoto wao wanajua tayari lugha ya nyumbani, na kilichokosekana ni lugha ya sheria na biashara. Hawakuweza kujua wakati huo ni kwa kiasi gani shule hiyo hiyo ingekuja kuidhoofisha lugha yao.

Akiwa na umri wa miaka kama tisa, Ngata alipelekwa shule ya bweni ya Te Aute, iliyoanzishwa na Kanisa la Kianglikana mwaka 1854. Mkuu wa shule alikuwa John Thornton, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1878 hadi 1912. Huyu ni mwalimu ambaye wanachuo wangefaa kumjua. Wakati ambapo wakubwa wengi wa elimu waliona kuwa mtoto wa Kimaori anatosheka na kusoma, kuandika na kazi za mikono, Thornton alisisitiza kwamba wanafunzi wake waandaliwe kwa mtihani ule ule wa kuingia chuo kikuu waliofanya watoto wa walowezi. Mabishano hayo yalipamba moto mwaka 1906, tume ya serikali iliposhauri kwamba Te Aute iegemee zaidi kilimo na ufundi. Thornton hakudharau jembe. Alichokataa ni kuona jembe likifanywa mpaka ambao mtoto wa mwenyeji hawezi kuuvuka.

Wasomaji wanaojua historia ya elimu yetu wataona kwamba mjadala huu una ndugu yake huku kwetu. Tume ya Phelps-Stokes ilipotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, nayo ilishauri elimu iliyofungamana na kilimo, afya na ufundi wa vijijini. Ushauri wa namna hiyo huwa na hekima ndani yake. Hatari huanza pale ambapo fungu moja la watu hupewa ushauri huo na fungu jingine hupewa chuo kikuu.

Shahada mbili

Ngata alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, akapata msaada wa masomo, na akajiunga na chuo cha Canterbury katika mji wa Christchurch, mbali kabisa na kwao, katika Kisiwa cha Kusini. Huko alimaliza masomo ya shahada ya kwanza mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Hakuridhika. Alihamia Auckland, akajifunza kazi ya uwakili katika ofisi ya wanasheria huku akisoma, na mwaka 1896 akapata shahada ya sheria. Alipata pia shahada ya uzamili. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1895, alimwoa Arihia Kane Tamati, binti wa kwao.

Kijana mwenye elimu kama hiyo angeweza kufungua ofisi mjini na kuishi kwa raha. Njia ilikuwa wazi, na hapana ambaye angemlaumu. Yeye alirudi pwani ya mashariki. Wahenga wetu wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa Ngata marejeo hayo yalikuwa ni sehemu ya mpango wa masomo yenyewe, kwa kuwa wazee waliomtoa hawakumtoa awe mtu wa mjini bali awe mtetezi wao.

Hakurudi peke yake. Mwaka 1897 wanafunzi wa zamani wa Te Aute waliunda chama chao, na Ngata akawa mmoja wa nguzo zake. Miongoni mwa vijana wa kizazi hicho walikuwamo Maui Pomare, aliyesomea udaktari Marekani na kuhitimu mwaka 1899, na Peter Buck, ambaye jina lake la Kimaori ni Te Rangi Hiroa, aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu cha Otago mwaka 1904. Walizunguka vijijini wakihimiza usafi wa maji, nyumba bora na kuacha ulevi. Mwanzoni walikuwa na kasoro ya wasomi vijana popote walipo: waliwahubiria wazee kana kwamba wazee hawajui kitu. Baada ya muda waliona kwamba bila ya baraka za wakuu wa koo hakuna kinachosimama, wakajifunza kuketi barazani na kusikiliza. Ngata alisaidia kutunga sheria ya mwaka 1900 iliyoanzisha mabaraza ya Kimaori, ambayo yalipewa madaraka ya kusimamia afya na mwenendo wa vijiji vyao.

Bungeni na mashambani

Mwaka 1905 Ngata alichaguliwa kuwa mbunge wa Wamaori wa mashariki, akakaa katika kiti hicho kwa miaka thelathini na minane, hadi mwaka 1943. Kazi yake kubwa ilihusu ardhi, na inafaa tuielewe vizuri, maana ndipo elimu yake ya sheria ilipogeuka kuwa chakula.

Kwa desturi, ardhi ya Wamaori ilikuwa mali ya ukoo. Kuanzia miaka ya 1860 mahakama maalumu ilianza kuigeuza kuwa hisa za mtu mmoja mmoja. Mzee alipofariki, hisa yake iligawanywa kwa watoto wote, na ya watoto kwa wajukuu. Baada ya vizazi vichache mtu mmoja alikuwa na vijipande kumi vilivyotawanyika sehemu kumi, na kila kipande kina wenyewe mia. Hapana aliyeweza kulima kwa faida, na hapana benki iliyokubali kumkopesha. Njia iliyobaki rahisi ilikuwa kuuza.

Ngata aliendeleza njia tatu za kuufungua mkwamo huo. Ya kwanza ilikuwa kuwaunganisha wenye hisa katika shirika moja lenye kamati, ili ardhi isimamiwe kama shamba moja. Ya pili ilikuwa kubadilishana vipande, ili hisa za jamaa mmoja zikusanyike mahali pamoja. Ya tatu ilikuja baada ya yeye kufanywa Waziri wa Mambo ya Wenyeji mwaka 1928: kwa sheria ya mwaka 1929, serikali ilianza kutoa mikopo ya kufyeka, kujenga uzio, kununua mifugo na kupanda majani ya malisho katika ardhi ya Wamaori. Huko kwao Ngati Porou walikuwa wamekwisha kuonyesha mfano, kwani mwaka 1925 walianzisha chama chao cha ushirika cha maziwa huko Ruatoria na kutengeneza siagi ya kuuza.

Msiba na anguko

Si haki kusimulia maisha ya mtu kama kwamba ni ngazi ya kupanda tu. Mwaka 1929, katika muda mfupi, Ngata alifiwa na mkewe Arihia na mwanawe wa kwanza, Makarini, kwa maradhi ya kuhara damu. Yeye aliyekuwa ametumia nusu ya maisha yake kupigania afya ya vijiji, alizika nyumbani kwake waliouawa na maradhi ya vijijini.

Kisha likaja la kazi. Mipango ya ardhi ilikua upesi, pesa za serikali zikatoka kwa wingi, na Ngata alikuwa mtu wa haraka asiyependa vikwazo vya makarani. Mwaka 1934 tume ya serikali ilichunguza wizara yake. Ilikuta taratibu za hesabu zimepuuzwa, na ikamlaumu kwa kutumia madaraka yake kwa namna iliyoonekana kuwapendelea watu wa kwao. Kama waziri alibeba dhima, akajiuzulu mwaka huo huo. Mashamba hayakufa. Mipango aliyoianzisha iliendelea chini ya serikali zilizofuata. Lakini doa lilibaki, na maadui wa Wamaori walilitumia.

Mwalimu asiifiche sehemu hii anapomsimulia Ngata kwa watoto. Mtu anayepewa mali ya wengi huwa na madeni mawili: kuitumia kwa manufaa yao na kuandika vizuri alivyoitumia. Deni la kwanza Ngata alililipa kwa jasho; la pili hakulilipa sawasawa. Anayeshika daftari la fedha za shule au la duka la ushirika anayo sababu ya kulikumbuka hilo.

Lugha na urithi

Katika ujana wake Ngata aliona kuwa kazi ya shule ni kufundisha Kiingereza, na kwamba Kimaori kitajilinda chenyewe nyumbani. Kadiri miaka ilivyopita aliona mambo yakienda kinyume. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao katika eneo la shule, na wazazi wakaanza kuiacha hata nyumbani. Basi akabadili msimamo, akataka lugha zote mbili ziwe na mahali shuleni.

Alifanya zaidi ya kutaka. Kwa miaka mingi alikusanya nyimbo na tenzi za kale kutoka koo mbalimbali, akazisahihisha pamoja na wazee wenyewe, na kuzifafanua. Sehemu ya kwanza ya mkusanyo huo, uitwao Nga Moteatea, ilitoka katika kitabu mwaka 1928. Mwaka 1927 shule ya sanaa za Kimaori ilifunguliwa Rotorua kwa juhudi zake, na wachongaji waliotoka humo walijenga upya nyumba za mikutano katika vijiji vingi. Kazi hizi zote hazikuwa starehe ya msomi. Wale waliodai kwamba Kimaori hakina fasihi ya kusomeshwa katika chuo kikuu walijibiwa kwa vitabu. Lugha hiyo ilianza kufundishwa katika chuo kikuu cha Auckland mwaka 1951, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na mwaka 1987 ikawa lugha rasmi ya Nyuzilandi.

Damu iliyogeuzwa kuwa masomo

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Ngata alihimiza kuundwa kwa kikosi cha Wamaori wenyewe, chini ya maofisa wao. Kikosi cha 28 kilipigana Ugiriki, Krete, Afrika ya Kaskazini na Italia. Watu kama 3,600 walikitumikia, na 649 waliuawa. Mmoja wao alikuwa Luteni Te Moananui-a-Kiwa Ngarimu, kijana wa Ngati Porou, aliyefariki nchini Tunisia tarehe 27 Machi 1943, naye akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Nishani hiyo ilikabidhiwa kwa wazazi wake huko Ruatoria mwezi Oktoba mwaka huo. Kwa sherehe hiyo Ngata aliandika kijitabu kilichouliza, kwa ufupi, kama Wamaori walikuwa bado wanatakiwa kulipa nini kingine ili wahesabiwe kuwa raia kamili.

Mwaka 1945 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa masomo kwa kumbukumbu ya Ngarimu na kikosi kizima. Mfuko huo umewasaidia wanafunzi wa Kimaori katika sekondari na vyuo vikuu, na baadaye pia waliokwisha kupata shahada ya kwanza na kutaka kuendelea hadi uzamili na uzamivu. Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Taifa lingeweza kuwajengea marehemu sanamu za mawe na kuishia hapo. Badala yake kumbukumbu ikawekwa katika vichwa vya watoto. Anayepokea msaada huo anajua kuwa jina lililo juu ya hati yake ni la kijana ambaye hakupata nafasi ya kuzeeka, na hawezi kujidanganya kwamba amesoma kwa nguvu zake peke yake.

Ngata alifariki tarehe 14 Julai 1950 huko Waiomatatini, kijiji kile kile alichoanzia shule. Wamaori, waliodhaniwa kuwa wanatoweka, walikuwa wamezidi 100,000. Tangu miaka ya 1990 picha yake imo katika noti ya dola 50 ya Nyuzilandi.

Namna ya kulitumia somo hili darasani

Maisha ya mtu ni zana nzuri ya kufundishia, mradi mwalimu asiyageuze kuwa orodha ya tarehe za kukariri. Napendekeza hatua nne kwa darasa la tano au la sita.

Kwanza, mwalimu aanze na ramani ya dunia, watoto waione Nyuzilandi na waeleze umbali wake na kwetu. Kisha asimulie utoto wa Ngata na kuwauliza watoto ni mambo gani wao hujifunza jioni nyumbani ambayo hayamo shuleni.

Pili, somo la ardhi lifungamanishwe na hisabati. Mzee ana ekari 12 na watoto wanne. Kila mtoto naye ana watoto wanne. Watoto wa darasa wakokotoe fungu la kila mjukuu, nao watapata robo tatu ya ekari. Wakiendelea kizazi kimoja zaidi, fungu litakuwa pungufu ya robo ekari. Hapo wataona wenyewe, bila ya kuhubiriwa, kwa nini watu walihitaji kuungana.

Tatu, kila mtoto aende kwa mzee mmoja na kurudi na wimbo, methali au kisa kimoja kilichoandikwa kwa uangalifu, pamoja na jina la aliyekitoa. Hii ndiyo kazi aliyoifanya Ngata, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaiweza.

Nne, watoto wajadili kwa makundi habari za mwaka 1934: je, nia njema yatosha pasipo hesabu safi? Mwalimu asitoe jibu upesi.

Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilituonya juu ya elimu inayomfanya mtu ajione mgeni kwao. Ngata alikuwa amekwisha kuliishi onyo hilo kabla halijaandikwa. Wanachuo wengi wanaosoma kurasa hizi watapangiwa shule za mbali, nao watakutana na yule mtoto mmoja mwepesi wa kufahamu. Wamwandae kwa mtihani kikamilifu, kama Thornton alivyowaandaa wanafunzi wake, bila ya kumpunguzia kwa sababu ya alikozaliwa. Na wakati wa kumwandaa wasimfundishe kuona haya kwa lugha ya bibi yake, maana siku atakapohitimu ndiyo atakayoihitaji ili aweze kurudi.